Nicolas-Jacques Conté: mtoto wa shamba aliyetuachia penseli

Ingia darasa lolote la watoto wanaoanza shule, utaikuta penseli. Pita karakana ya seremala, utaiona imechomekwa nyuma ya sikio. Fundi mwashi anaitumia kuweka alama ukutani, mshonaji anachorea kitambaa kabla ya kukata, na mwenye duka kijijini anaandikia madeni yetu kwenye daftari. Ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo, kiasi kwamba ikipotea hatuitafuti sana.

Wazee wetu wengi, hasa wa pwani, huiita kalamu ya risasi. Waarabu nao huiita hivyo hivyo. Waingereza na Wajerumani pia wameitia risasi ndani ya jina lake. Lakini ukiivunja penseli yako leo ukaichunguza, hutakuta risasi hata chembe. Haikuwahi kuwemo.

Sasa kilichomo ni nini, na nani alikiweka? Katika makala hii tunamfuata Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, aliyezaliwa shambani na kufariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Jina lake wengi wetu hatulifahamu, ingawa kazi ya mikono yake tuliishika siku ya kwanza tulipofundishwa kuandika.

Kabla ya Conté: jiwe jeusi la Borrowdale

Tuanze kidogo nyuma. Katika karne ya 16, kwenye milima ya Borrowdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wenyeji waligundua jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa na lenye kuchafua vidole. Wafugaji walilitumia kuwawekea kondoo wao alama. Baadaye watu wakaona kwamba likikatwa vijiti linaandika vizuri. Vijiti hivyo walivizungushia uzi au kuvifunika kwa mbao ili mkono usichafuke. Hizo ndizo penseli za mwanzo.

Kwa kuwa jiwe lile lilikuwa na rangi ya risasi, watu walidhani ni aina ya risasi, na jina likashika. Ilikuwa mwaka 1779 ndipo mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipoonyesha kwamba halina risasi, bali ni kaboni, yaani ni ndugu wa mkaa tunaopikia na wa almasi inayovaliwa na matajiri. Miaka 10 baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akalipa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika.

Hapa nchini Tanzania madini hayo yana jina la Kiswahili: kinywe. Wasikilizaji wetu wa Ruangwa mkoani Lindi na wa Mahenge mkoani Morogoro wanalijua vizuri, maana kinywe kiko ardhini kwao. Kwa hiyo tutaliita kinywe tangu sasa.

Kinywe cha Borrowdale kilikuwa cha pekee. Sehemu nyingine duniani kinywe hupatikana kikiwa kimechanganyika na mawe na uchafu, lakini kile kilikuwa safi na kigumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Isitoshe, kilitumika pia katika kutengenezea mizinga ya vita: kilipakwa ndani ya kalibu za kusubia risasi za mizinga ili chuma kisigande. Kwa sababu hiyo Waingereza walikilinda kama hazina. Mwaka 1752 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaadhibu vikali waliokiiba mgodini.

Wajerumani wa Nuremberg walijaribu njia nyingine. Walisaga kinywe chao kisicho safi na kukichanganya na kiberiti cha unga, yaani salfa. Penseli zilipatikana, lakini zilikwaruza karatasi na hazikuwa nyeusi vya kutosha. Aliyetaka penseli nzuri ilimbidi awategemee Waingereza.

Kijana wa bustani

Conté alizaliwa tarehe 4 Agosti 1755 katika kijiji kidogo karibu na mji wa Sées, katika jimbo la Normandy, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alifariki angali mtoto, na familia ikabaki mikononi mwa mama.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi alichonga fidla kwa kisu cha kawaida, na fidla hiyo ikapigwa na kusikika. Hata kama simulizi hiyo imeongezwa chumvi kidogo, inatupa picha ya mtoto aliyekuwa akitazama kitu na kutaka kujua kimetengenezwaje.

Alipokua kidogo alipata kazi ya bustani katika hospitali ya Sées iliyokuwa ikiendeshwa na watawa. Huko kipaji chake cha kuchora kilionekana, akapewa kazi ya kuchora picha za dini za kupamba kanisa la hospitali. Mtunza bustani akageuka kuwa mchoraji. Akaanza kuchora sura za watu wenye uwezo, akaoa, na baadaye akahamia Paris.

Paris ilimfungulia mlango mwingine. Mchana alichora ili apate riziki, na muda uliobaki alihudhuria mihadhara ya fizikia, kemia na ufundi wa mitambo. Mtu huyu hakuwahi kuitenga kazi ya mikono na elimu ya vitabu. Kwake vilikwenda pamoja.

Kisha mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Mfalme akapinduliwa, na wengi wa matajiri waliokuwa wakilipia picha za sura zao wakakimbia nchi. Conté, mchoraji, akazidi kugeukia sayansi.

Vita vinafunga njia

Mwezi Februari 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani. Biashara kati yao ikakatika, na penseli nzuri za Kiingereza zikaadimika Ufaransa. Zile za Wajerumani nazo hazikupatikana kwa urahisi, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa ikipigana na karibu majirani zake wote.

Pengine msikilizaji unajiuliza, nchi iko vitani, penseli inahusu nini? Fikiria kazi za jeshi la wakati huo. Mhandisi alichora daraja na ngome. Ofisa alichora ramani ya mahali adui alipo. Kalamu ya wakati huo ilikuwa unyoya wa bata bukini unaochovywa kwenye chupa ya wino. Juu ya farasi, au chini ya mvua, wino unamwagika na karatasi inaharibika. Penseli haimwagiki. Mhandisi asiye na penseli alikuwa kama seremala asiye na futi.

Lazare Carnot, mmoja wa viongozi waliokuwa wakisimamia vita, naye mwenyewe akiwa mhandisi, alimtafuta Conté na kumpa kazi: tutengenezee penseli isiyotegemea kitu chochote kutoka Uingereza. Hiyo ilikuwa mwaka 1794, na Conté alikuwa na umri wa miaka 39.

Unga, udongo na tanuri

Ufaransa haikuwa na kinywe safi cha kukata vijiti. Ilichokuwa nacho ni kinywe hafifu, chenye uchafu, kile ambacho wengine walikiona hakifai. Conté alikubali kuanza na hicho.

Kwanza alikisaga kuwa unga laini na kukisafisha. Kisha akatafuta kitu cha kuushikanisha unga ule. Wajerumani walikuwa wametumia salfa bila mafanikio makubwa. Yeye akachukua udongo wa mfinyanzi, ule ule ambao mama zetu wanafinyangia vyungu. Akauosha, akauchuja, akauchanganya na unga wa kinywe na maji mpaka ukawa kama ugali mlaini. Akaushindilia katika vifereji vyembamba vilivyochongwa kwenye ubao, vikatoka vijiti. Vijiti vikakaushwa, kisha vikawekwa katika chombo kilichofunikwa vizuri na kuchomwa ndani ya tanuri kwa moto mkali.

Kila mfinyanzi anajua kinachotokea hapo. Chungu kibichi ukikitia maji kinayeyuka, lakini kikichomwa kinakuwa kigumu na hakirudi tena kuwa tope. Vijiti vya Conté vilitoka tanurini vikiwa vigumu, na bado viliandika. Akavilaza ndani ya mbao zilizochongwa mfereji na kuvifunika kwa gundi na kipande kingine cha mbao.

Kisha akaona faida ambayo hata Waingereza hawakuwa nayo. Jiwe la Borrowdale lilikuwa kama lilivyotoka mgodini, huwezi kulibadilisha. Mchanganyiko wa Conté ulikuwa chini ya amri yake. Akiongeza udongo, penseli inakuwa ngumu, ncha yake inadumu na mstari wake ni mwembamba na wa kijivu. Akiongeza kinywe, inakuwa laini na nyeusi. Kwa hiyo aliweza kutengeneza penseli za madaraja mbalimbali na kuzipa namba.

Tazama penseli ya mwanao sasa hivi. Kama imeandikwa HB, maana yake ni ya katikati, si ngumu sana wala laini sana. Herufi H ni za upande wa ugumu, na herufi B ni za upande wa weusi. Herufi hizo zilikuja baada yake, lakini kinachopimwa ni kile kile: udongo kiasi gani kwa kinywe kiasi gani.

Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua siku chache tu. Tunachojua kwa hakika ni kwamba mwezi Januari 1795 serikali ilimpa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake bila ruhusa. Akafungua kiwanda Paris.

Haki itendeke kwa wengine pia. Nchini Austria, Joseph Hardtmuth naye alifikia mchanganyiko wa kinywe na udongo katika miaka hiyo hiyo, na wapo wanaobishana hadi leo nani alistahili sifa zaidi. Lakini hataza ya mwaka 1795 ni ya Conté, na jina lake ndilo lililobaki kwenye njia hiyo ya kutengeneza penseli.

Maputo, na jicho lililopotea

Wakati huo huo Conté alikuwa na kazi nyingine, ya hatari zaidi. Wafaransa walikuwa wameanza kutumia maputo makubwa yaliyojazwa gesi ya haidrojeni kumpandisha mtu juu ili atazame jeshi la adui. Tarehe 26 Juni 1794, katika vita vya Fleurus, nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, puto la aina hiyo lilipaa juu ya uwanja wa mapigano, na Wafaransa wakashinda.

Conté alifanya kazi hiyo huko Meudon, karibu na Paris, akawa mkuu wa shule ya maputo. Alitafuta vanishi bora ya kupaka kitambaa ili gesi isivuje, na njia bora ya kutengeneza gesi yenyewe. Haidrojeni hushika moto upesi. Siku moja akiwa katika majaribio gesi ililipuka, vioo vikaruka, na jicho lake la kushoto likaharibika kabisa.

Kwa mchoraji, jicho ni chombo cha kazi. Hata hivyo hakuacha. Picha zilizobaki zinamwonyesha akiwa amefunga kitambaa kichwani kikifunika jicho hilo. Jina lake linahusishwa pia na jumba la mafunzo ya ufundi lililoanzishwa Paris mwezi Oktoba 1794, mahali ambapo mashine na zana zilihifadhiwa ili mafundi wajifunze kwa kuziona. Alikuwa miongoni mwa walioliendesha mwanzoni.

Misri

Mwaka 1798 Jenerali Napoleon Bonaparte aliivamia Misri. Alichukua askari maelfu, na pamoja nao wataalamu zaidi ya 150: wahandisi, wachoraji, wanakemia, waganga. Conté alikwenda kama mkuu wa kikosi cha maputo.

Mambo yaliharibika mapema. Mwanzoni mwa Agosti meli za Waingereza chini ya Nelson ziliteketeza meli za Wafaransa katika ghuba ya Aboukir. Jeshi likabaki limekatwa na nchi yake. Vifaa vingi vilizama baharini. Tarehe 21 Oktoba wananchi wa Cairo waliasi dhidi ya wavamizi, na nyumba iliyohifadhi vyombo vya wataalamu ikavunjwa na kuporwa.

Conté akarudi katika hali aliyoizoea: kinachohitajika hakipo, na njia ya kukiagiza imefungwa. Akaanzisha karakana Cairo. Humo walianza kwa kutengeneza zana, kwa sababu zana zenyewe hazikuwepo. Kisha wakatengeneza vinu vya upepo vya kusagia nafaka, nguo za askari, karatasi, panga, vyombo vya upasuaji kwa waganga, na lenzi za darubini.

Hapa inabidi tuseme wazi. Karakana zile zilihudumia jeshi lililokuwa limekalia nchi ya watu. Uasi wa Cairo ulizimwa kwa mizinga, msikiti wa Al-Azhar ukapigwa, na Wamisri wengi wakauawa. Ufundi wa Conté ulilisaidia jeshi hilo libaki pale karibu miaka mitatu. Kipaji chake hakikumweka nje ya vita. Tangu penseli hadi maputo, na hadi Misri, karibu kila kazi yake kubwa iliitwa na vita.

Wamisri wenyewe hawakuvutiwa na kila walichoonyeshwa. Wafaransa walirusha puto hadharani Cairo ili kuwashangaza watu, nalo likaanguka. Mwanahistoria wa Misri wa wakati huo, Abd al-Rahman al-Jabarti, aliliandika tukio hilo bila kuficha kwamba lilimchekesha. Aliliona halina tofauti kubwa na tiara zinazorushwa kwenye sherehe za harusi.

Lakini Conté alifanya jambo jingine akiwa huko. Alikaa na mafundi wa Kimisri, akachora kazi zao: wafumaji wa nguo, mashine za kuvutia maji ya kumwagilia mashamba, zana za kila karakana. Aliwachora kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

Miaka ya mwisho

Wafaransa walishindwa na kuondoka Misri mwaka 1801. Mwaka uliofuata serikali iliamua kuchapisha kazi yote ya wataalamu wale katika kitabu kikubwa kuhusu Misri, na Conté akapewa usimamizi wake.

Tatizo likajitokeza. Kitabu kilihitaji mamia ya picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba, mstari mmoja mmoja kwa mkono. Anga pekee, katika picha za mahekalu makubwa, ilimchukua mchongaji muda mrefu sana. Conté akabuni mashine iliyochora mistari ya anga kwa ulinganifu, kazi ya miezi ikafanywa kwa siku chache.

Hakukiona kitabu hicho. Alifariki Paris tarehe 6 Desemba 1805, akiwa na umri wa miaka 50. Juzuu za kwanza zilianza kutoka miaka kadhaa baadaye, zikiwa na michoro yake ndani.

Kiwanda cha penseli kilibaki katika familia. Mume wa binti yake alikiendeleza, akaunganisha jina la mkwewe na lake mwenyewe. Mwaka 1979 kampuni ya Conté ilinunuliwa na BIC, kampuni ile ile ya Kifaransa ambayo kalamu zake za wino zimejaa madukani kwetu.

Kilichobaki mkononi mwetu

Njia ya Conté ilienea duniani kote. Mgodi wa Borrowdale ulipungua na hatimaye ukafungwa, lakini penseli hazikukosekana, kwa sababu hazikuhitaji tena jiwe lile adimu. Kinywe cha kawaida na udongo vilitosha. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya penseli kuwa na bei ambayo mzazi wa kijijini anaimudu.

Afrika Mashariki nayo ilichangia upande wa mbao. Mti wa mtarakwa, unaoitwa pia mwangati, unaoota kwenye milima ya Kenya na katika Usambara, una mbao laini zenye harufu nzuri na zinazochongeka bila kupasuka. Wakati wa ukoloni mbao zake zilitafutwa kwa ajili ya penseli, na hadi leo jina lake la Kiingereza linataja penseli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, jioni mwanao atakapokuomba umchongee penseli, mwonyeshe ile ncha nyeusi. Mwambie kwamba ni kinywe na udongo wa mfinyanzi, vimechomwa pamoja kama chungu. Na kama bibi yake ataiita kalamu ya risasi, msimsahihishe sana. Risasi haimo ndani yake, ila ni risasi za vita zilizomfanya Conté akae chini na kuitengeneza.